Madoa ya Jua yanayozunguka yasipuuzwe
Wanaotabiri milipuko ya Jua hutazama sana ukubwa na umbo la madoa yake. Kwa maoni yangu, mzunguko wa doa lenyewe, uliokwisha kuripotiwa tangu 1910, unastahili uzito zaidi. Desemba 13, 2006, chombo cha anga cha Kijapani Hinode kilikuwa kikilichunguza eneo la Jua nambari 10930, ambako doa dogo lilikuwa likijizungusha kwa siku kadhaa kando ya lile kubwa, ulipotokea mlipuko wa daraja la X3.4. Nguvu za sumaku zimeshikamana na gesi ya Jua: gesi ikizunguka, sumaku husokoteka kama kamba, na nishati hujilimbikiza mpaka mistari ya sumaku ikatike na kuungana upya, ndipo mlipuko hutokea.

Watakaopinga watasema madoa mengi huzunguka bila kulipuka. Ni kweli, kwa sababu sumaku iliyotanda juu ya msokoto huweza kuukandamiza. Basi na ipimwe pamoja nao. Pingamizi gumu zaidi ni kwamba mlipuko wenyewe hubadili mwendo wa doa, kama ilivyoonekana katika mlipuko wa Juni 2015, hivyo chanzo na matokeo huchanganyikana. Ndiyo maana vipimo vya siku zinazotangulia mlipuko ndivyo vya kutegemewa.