Jangwani umeisahau

Mwandishi, kuhusu mafuriko ya Dar umegusa penyewe, ila bonde la Jangwani umeliruka. Masika yakikolea, Barabara ya Morogoro hufungwa pale na Dar inakatika vipande viwili. Kuna siku nilishushwa Magomeni, viatu mkononi, nikangoja masaa matatu maji yapungue. Aliyefaidi ni muuza mihogo ya kukaanga tu. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, na chupa na matope ya njia nzima yanaishia bondeni kwetu. Na halmashauri ya jiji iliyoziunganisha manispaa zote tano za Dar ilivunjwa 2021, Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Haya, ng'ambo moja Ilala, ng'ambo ya pili Kinondoni: mto ukifurika tumpigie simu nani? Mjumbe wetu wa shina mwenyewe hajui, nilimuuliza.