Asili ya Kondo Itafutwe Mahakamani

Wengi mnaotuandikia mnaendelea kuchimba mzizi wa neno "kondoism", lililotumika Uganda kwa ujambazi wa kutumia silaha. Mmoja anashikilia kondo ya Kiswahili cha kale, yaani vita. Mwingine anasema ni Kiganda na yamekwisha. Maneno kufanana kwa sauti si ushahidi wa undugu. Kinachonikera ni kwamba ubishi huo unauacha ule mkia wa Kiingereza, "-ism", uliobandikwa kwenye jina la jambazi mwenye silaha. Mkia huo ndio uliofanya kosa la mtu mmoja lionekane kama itikadi, na itikadi hupigwa vita, haishtakiwi.

Fuateni miaka. Mwaka 1968 Uganda iliweka adhabu ya kifo kwa wizi wa kutumia silaha. Mwaka 1971, chini ya Idi Amin, kikaundwa kikosi cha Public Safety Unit, makao yake Naguru, kwa jina la kuwakomesha kondo. Amri ya 1972 ikawaruhusu askari kutumia nguvu yoyote kumzuia mshukiwa wa wizi asitoroke. Mshukiwa, bado hajahukumiwa! Tororo na Busia, karibu na mpaka wa Kenya, ambako miaka ile ya sabini watu walivusha kahawa ya magendo usiku wakiikwepa doria, kukimbia tu kulitosha kumponza mtu.

Makala ya sheria, inayolinganisha adhabu ya wizi Kenya na Uganda, ndiyo moyo wa toleo hili. Watu wawili wakimpiga mpita njia Busia ya Kenya na kumpora simu, huo ni wizi wa mabavu. Chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kuwa wawili kunatosha kuwafikisha kwenye hukumu ya kifo. Wakifanya hayohayo Sofia, upande wa Uganda, bila silaha ya kuua wala kumjeruhi vibaya, sheria haiwafikishi huko. Tena Uganda ilifuta ulazima wa hukumu hiyo mwaka 2009 katika kesi ya Susan Kigula. Mahakama ya Juu ya Kenya iliufuta 2017, kisha 2021 ikafafanua kuwa uamuzi wake unahusu mauaji pekee.



Kwa wanahabari nina ombi moja: kabla ya hukumu andikeni "mshukiwa", hata polisi wakiwa wameshamwita jambazi. Aliyepigwa risasi akikimbia hana rufaa, na jina mlilompa ndilo litakalobaki kwenye kumbukumbu.