Mvi Si Hatia: Mwanafunzi wa Kiswahili na Haki ya Mzee

Penye wazee haliharibiki neno. Methali hii hukaririwa madarasani, hutungiwa insha na kutahiniwa mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo, yapo maeneo humu nchini ambako mzee mwenyewe ndiye aliyeharibikiwa. Katika Kaunti ya Kilifi, vyombo vya habari vimeripoti mara kadhaa kuhusu wazee wanaotia nywele zao rangi nyeusi, si kwa kutaka kujiremba, bali kwa kuchelea kuuawa. Mvi, ambazo zamani zilihesabiwa kuwa taji, zimegeuzwa ushahidi wa uchawi. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa makwao kwa tuhuma hizo. Mtu aliyelea wana na wajukuu humalizia siku zake akihifadhiwa na watu wasio wa damu yake.

Maafa haya si ya Pwani pekee. Mnamo Mei 2008, watu 11, wengi wao wakongwe, waliteketezwa kwa moto katika eneo la Kisii kwa madai kwamba walikuwa wachawi. Oktoba 2021, wanawake wanne waliuawa na umati huko Marani, katika kaunti iyo hiyo, kwa madai yayo hayo. Baina ya matukio hayo mawili Kenya ilipata katiba mpya na sheria mpya. Je, mbona ulinzi huo haukumfikia ajuza wa kijijini?

Jibu moja, ambalo wapenzi wa Kiswahili wana wajibu wa kulitafakari, ni kwamba dhuluma hii haianzi kwa panga wala kiberiti. Huanza kwa neno. Kabla ya mzee kupigwa, hupewa jina: mchawi, mzigo, mkosi, mtu aliyerudi utotoni. Jina hilo likishamnata, kila analotendewa huonekana halali. Bikizee anayesahau njia na kukutwa alfajiri kwenye ua wa jirani huenda anaugua dimenshia, maradhi ya ubongo yanayojulikana hospitalini. Kijijini huitwa mwanga aliyenaswa kazini. Vivyo hivyo, mwana asemaye kwamba baba yake "amechanganyikiwa" huenda anatafuta tu kisingizio cha kumtilisha kidole gumba kwenye hati ya kuuza shamba. Aghalabu nyuma ya tuhuma za uchawi kuna ardhi: mzee hafi upesi, na warithi wamechoka kungoja. Ilhali mali ya aliye hai hairithiwi. Ni yake, aigawe au asiigawe.

Ifahamike pia kwamba wengi wa wazee wanaodhulumiwa hawatuhumiwi uchawi kamwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi hupatwa na dhuluma ya aina fulani katika jamii kwa kipindi cha mwaka mmoja. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Kenya ina watu takriban milioni 2.7 wa umri huo. Kwa hiyo dhuluma hii haiko mbali na nyumba ya yeyote.

Dalili zake hazifichiki kwa anayetaka kuona. Kuna mzee mwenye majeraha ambayo kila siku husemekana alianguka. Kuna asiyejibu swali ila kwanza amtazame mwanawe usoni. Kuna anayelazwa bila chakula wala dawa nyumba ikiwa na vyote viwili, na anayefungiwa chumbani wageni wanapokuja. Kuna aliyenyang'anywa hatimiliki ya shamba ati "ihifadhiwe", akabaki hajui iliko. Kuna anayelipwa shilingi 2,000 kwa mwezi na mpango wa Inua Jamii lakini haijui rangi ya fedha hizo, kwani simu au kadi yake imo mikononi mwa mwingine. Na kuna aliyetelekezwa tu, akaachiwa kijukuu cha kumtunza au cha kutunzwa naye. Dalili moja pekee yaweza kuwa na maelezo mengine. Zikiandamana mbili tatu, na mzee akawa mwenye hofu, ni haki ya mtu kuuliza akiwa faraghani na mzee huyo.

Sheria haiko kimya. Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inampa kila mzee haki ya kuishi kwa heshima na hadhi bila kudhulumiwa, na haki ya kupata matunzo ya kiasi kinachofaa kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Ibara ya 260 inafafanua kwamba mzee ni aliyetimiza miaka 60. Kisha ipo Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015. Wengi hudhani kwamba sheria hii ni ya wanandoa tu. La hasha! Inawahusu pia jamaa, na inatambua kwamba dhuluma si kipigo pekee. Kuna ya maneno, ya kihisia na ya kiuchumi. Chini yake mahakama yaweza kutoa amri ya ulinzi inayomkataza mdhulumu kumkaribia au kumtisha mlalamishi, na penye haja hutoa amri ya muda kwanza huku kesi ikisubiri. Hata Sheria ya Uchawi, iliyotungwa enzi za ukoloni mwaka 1925, inasema jambo ambalo wanakijiji wachache hulijua: kumtuhumu mtu kuwa mchawi kwaweza kuwa kosa la jinai.

Njia ya kufuata haina mafumbo. Penye hatari ya maisha, hatua ya kwanza ni kituo cha polisi, na mlalamishi asiondoke bila nambari ya OB. Aliyejeruhiwa aende hospitalini na fomu ya P3 ijazwe, kwani jeraha lisiloandikwa hupona na ushahidi wake. Nambari ya simu 1195 hupokea bila malipo taarifa za dhuluma za kijinsia, na ajuza wengi wanaodhulumiwa wamo katika kundi hilo. Asiyemudu wakili ana pa kubisha hodi: Sheria ya Usaidizi wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda huduma ya kitaifa kwa ajili ya wasiojiweza, nayo mashirika kama Kituo cha Sheria na FIDA Kenya yamefanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba kumpeleka mwana mahakamani ni kuanika aibu ya ukoo, na kwamba mambo ya nyumbani huamuliwa na wazee au chifu. Hoja hii si ya kupuuzwa, maana mzee mwenyewe mara nyingi ndiye wa kwanza kuitoa: anampenda mwanawe, na hana pengine pa kulala. Ibara ya 159 ya Katiba inaruhusu upatanishi wa kijadi, mradi usikiuke haki za kimsingi. Ugomvi wa zamu za kumtunza mama waweza kusuluhishwa barazani. Tishio la kumchoma moto haliwezi. Zaidi ya hayo, ombi la amri ya ulinzi halikusudii kumfunga mwana jela, lakusudia kumzuia. Ni pale anapoivunja ndipo anapotenda jinai. Mzee akielezwa tofauti hiyo, huenda akathubutu.

Lakini nani wa kumweleza? Hapa ndipo wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili unapojitokeza. Sheria zilizotajwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai inakikubali kuwa lugha ya mahakama za chini. Kwa maneno mengine, mlango umefunguliwa, ila maandishi yaliyobandikwa mlangoni hayasomeki kwa anayeuhitaji. Vyuo vikuu kadhaa vina idara za Kiswahili na vitivo vya sheria. Ingefaa pande hizo mbili ziketi pamoja kuandaa kijikaratasi cha kurasa mbili, chenye Kiswahili chepesi, kinachoweza kusomwa kwa sauti kwenye baraza la chifu.

Kuna deni pia. Kila mwaka wanafunzi wa fasihi simulizi huenda nyanjani wakiwa na vinasa sauti. Huketi miguuni pa shaibu na ajuza, wakachuma ngano, vitendawili, nyimbo na mighani, kisha wakarudi chuoni kuandika tasnifu. Shahada nyingi zimejengwa juu ya kumbukumbu za wazee hao. Mtafiti hujifunza kuuliza jina la mhojiwa, umri wake na asili ya utungo wake. Hafundishwi kuuliza iwapo mhojiwa amekula, au kwa nini anaogopa jua linapotua. Hata hivyo, huenda mtafiti huyo ndiye mgeni pekee aliyemsikiliza mzee kwa saa nzima bila kukatizwa na jamaa zake. Idara zikiweka katika mafunzo ya utafiti somo moja la kutambua dalili na mahali pa kumwelekeza mdhulumiwa, gharama yake itakuwa ndogo na faida yake yaweza kuwa uhai wa mtu.

Hatima ya yote, Kiswahili kinachotetewa makongamanoni kuwa lugha ya ukombozi kitapimwa kwa manufaa yake kwa mnyonge. Bikizee wa Ganze au wa Marani hahitaji kusifiwa kwamba yeye ni maktaba ya jamii. Anahitaji kujua, kwa lugha anayoielewa, kwamba shamba ni lake na kwamba mvi zake si hatia.