Udongo wa Delamere na Udongo Wetu

Niliuliza katika ofisi moja ya umma kwa nini nyumba ya udongo ya enzi za walowezi, hapa karibu na Kapkatet, isilindwe kama turathi. Nikajibiwa kwamba hilo si jengo la kihistoria, ni tope tu. Jibu hilo ni upuuzi.

Hoja zao nazijua. Fedha ni chache, mchwa hawana likizo, na mwenye shamba angependa kupanda chai mpaka mlangoni. Haya.

Lakini nenda Njoro. Kasri la Lord Egerton, lililoanza kujengwa 1938, watu hulipa kiingilio kulitazama. Nyumba ya Karen Blixen ni makumbusho tangu 1986. Ila Lord Delamere mwenyewe, kinara wa walowezi, alipoanza Njoro aliishi katika vibanda vya udongo na nyasi, na vitabu vinamsifu kwa uvumilivu. Udongo ukimsitiri Mzungu ni ushujaa wa mwanzilishi. Ukimsitiri Mkipsigis ni umaskini wa kuonewa haya. Mwanzilishi wa nini, hasa? Maofisa wa jeshi waliogawiwa ardhi Kericho baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walilima kitani, wakashindwa, kampuni za chai zikaingia. Na Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, waliohamishiwa Gwassi kwa nguvu ya sheria ya 1934 walitolewa wapi, kama si katika nyumba zao?

Eti udongo haudumu! Hapa ndipo subira inaponiishia. Nyumba ya udongo hudumu kwa kukandikwa. Akina mama wanachanganya udongo na samadi, wanaziba nyufa, wanalainisha ukuta kwa kiganja, na mwakani wanarudia. Mkono ukikoma, fito zinabaki wazi. Waganda wanalielewa hilo: makaburi ya wafalme wao huko Kasubi, yenye paa la nyasi, yaliingia orodha ya UNESCO 2001, yakaungua Machi 2010, yakajengwa upya, na 2023 yakatolewa kwenye orodha ya turathi zilizo hatarini. Kule Djenné, Mali, mji mzima hutoka kila mwaka kuukandika msikiti wao wa udongo. Kaya za Wamijikenda, zilizoorodheshwa na UNESCO 2008, ni misitu, si majengo ya mawe. Sheria yetu ya turathi ya 2006 nayo haisemi popote kwamba historia sharti iwe ya mawe. Anayebisha aonyeshe kifungu.

Kaunti na ilipe wakandikaji wawili wa nyumba ile ya Kapkatet kabla ya masika. Ukuta wa magharibi umeshaanza kuinama.