Vina na Mizani Katika Madarasa ya Ubwari

Mwanafunzi wa sekondari katika Baraka au Fizi, ukimwuliza mstari wa aleksandrini wa Kifaransa una silabi ngapi, atakujibu pasipo kusita kwamba ni kumi na mbili, na kwamba sauti hupumzika baada ya ile ya sita. Bali ukimwuliza mizani ya shairi la Kiswahili, lugha aisemayo tangu utotoni na ambayo Katiba ya mwaka 2006 imeihesabu miongoni mwa lugha nne za taifa la Kongo, aghalabu hana la kujibu. Simlaumu, wala simlaumu mwalimu wake, kwa maana mtihani wa Serikali huandikwa kwa Kifaransa, na mtu hufundisha yatakayoulizwa. Hata hivyo nashikilia kwamba elimu ya ushairi huku kwetu Ubwari, kando ya Ziwa Tanganyika, imeanzia ugenini kabla ya kupita nyumbani, na kwamba yafaa mpango huo ugeuzwe.

Ajabu ni kwamba kitabu ambacho walimu wa Afrika Mashariki wamekitegemea kwa miaka mingi katika kanuni za vina na mizani hakikutungwa na mtoto wa Lamu wala wa Mombasa. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetoa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* mwaka 1954, alizaliwa Ujiji mwaka 1924, ng'ambo ya ziwa hili hili la Tanganyika, katika mji ambao Wabwari, Wagoma na jamaa zao wengine waitwao huko Wamanyema wameoa, wamezika na wamefanya biashara kwa vizazi vingi. Baadaye akawa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria wa Tanganyika, akafariki mwaka 1964 kabla ya kuujua uzee. Basi mwenye kudhani kwamba arudhi, yaani kanuni hizi za utunzi, ni mali ya watu wa bahari ya chumvi peke yao na aitazame ramani.

Shairi la kawaida, liitwalo tarbia, lina mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani, yaani silabi, kumi na sita, iliyogawanywa vipande viwili vya nane nane: cha kwanza ukwapi, cha pili utao. Mfaransa hutosheka na kina kimoja mwishoni mwa mstari. Mswahili hudai viwili, kimoja cha kati na kimoja cha mwisho. Mshororo wa nne ni kituo, nao ukirudiwa vile vile katika kila ubeti huitwa kibwagizo au kiitikio. Kwa mfano natunga hapa mishororo miwili tu, isiyo na fahari yoyote:

Mvuvi katupa wavu, ziwa latulia tuli,
Karabai yake mbovu, ndagala hawako mbali.

Hesabu kwa vidole. Ile *m* ya *mvuvi*, ijapokuwa haina vokali, husimama peke yake na kuchukua mizani moja. Lakini *mbo* katika *mbovu* na *nda* katika *ndagala* ni mizani moja moja, kwa kuwa konsonanti zile hutamkwa kwa pamoja.

Nimepata kusikia ikidaiwa, tena na watu wenye elimu, kwamba Kiswahili chetu cha Kongo kimepinda mno kiasi cha kutoweza kubeba kanuni hizi. Hasha! Mtu wa kwetu asemaye *muvuvi* ametamka mizani tatu, na mtu wa Unguja asemaye *mvuvi* ametamka tatu vile vile. Asemaye *inchi* ana mbili sawasawa na asemaye *nchi*. Lafudhi zimetofautiana na hesabu haikutetereka. Penye shida ya kweli ni katika vina, kwa sababu baadhi ya ndimi za huku hubadilishana *l* na *r*, na mshairi atakayefunga mshororo mmoja kwa *li* na wa pili kwa *ri*, akidhani sauti ni moja, amekosa kina mbele ya msikilizaji wa pwani. Kosa hilo husahihishwa na sikio, si kamusi. Na mizani ikimpungukia au ikimzidi, mtunzi ana ruhusa zake za kale: inkisari ya kufupisha neno, mazida ya kulirefusha, na tabdila ya kuligeuza kidogo, maadamu maana haipotei.

Tathlitha ya mishororo mitatu na takhmisa ya mitano mwanafunzi atazielewa kwa siku moja akiisha kuijua tarbia. Utenzi wahitaji muda zaidi, maana mishororo yake ni mifupi, ya mizani nane, mitatu ikikubaliana kwa kina chake, na wa nne ukichukua kina cha bahari kinachosafiri kutoka ubeti wa kwanza hata wa mwisho, uwe wa mia au wa elfu; na ndiyo maana washairi wa kale walipotaka kusimulia vita na visa vya Mitume walichagua chombo hicho.

Tukumbuke pia kwamba Sheikh Amri alilifungamanisha shairi na wimbo, akaona kwamba lisiloimbika limepungukiwa na jambo la asili. Kwa kanuni hiyo Ubwari si maskini hata kidogo, kwani vijana wanaosoma kaswida za Maulidi katika misikiti ya Baraka, na wenzao wanaoimba katika kwaya za makanisa, wamezoea tayari kupima maneno kwa pumzi. Mwalimu na aanze hapo: kwanza waimbe, kisha wahesabu, na istilahi zije baada ya haja yake kuonekana, kuliko kumkaririsha mtoto orodha ya majina ambayo masikio yake hayajapata kuyahitaji.

Najua nitaambiwa kwamba haya ni mambo ya wazee, na kwamba Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyetoa diwani ya *Kichomi* mwaka 1974, alikwisha kuvivunja vina na mizani, tena kwa ufasaha usiokanika. Namheshimu. Lakini yeye aliviacha akiwa anavijua, na mwanafunzi asiyepata kuonyeshwa ukwapi na utao hana cha kukiacha. Kwa hiyo, kwa rai yangu, mwaka wa kwanza na uwe wa Amri Abedi, na Kezilahabi afundishwe mwaka wa pili.