Marapa Wakongwe na Kipimo cha Shabiki

Katika nusu ya pili ya mwaka 2024 marapa wanne waliokwisha kuvuka umri wa miaka 50 walitoa albamu mpya: Eminem na Common siku moja, tarehe 12 Julai, LL Cool J mwezi Septemba, na Snoop Dogg mwezi Desemba. Mapitio ya toleo hili yanazilinganisha albamu hizo, na inafaa kusema mapema kwamba shabiki wa miaka mingi, ambaye masikio yake yamekomaa kuliko ya wengine, ndiye pia mwepesi wa kushika kipimo kibovu, kwa kuwa huipima kazi mpya kwa ile aliyoipenda akiwa kijana, na hivyo msanii hushindanishwa na ujana wa msikilizaji wake, shindano ambalo hakuna awezaye kulishinda.

Snoop Dogg amejitakia shindano hilo mwenyewe. Albamu yake hiyo, Missionary, imetayarishwa na Dr. Dre, yaani yeye ndiye aliyesimamia midundo na urekodiji wake, kama alivyofanya kwa Doggystyle, albamu ya Snoop ya mwaka 1993. Lakini nguvu ya Doggystyle ilitokana kwa sehemu kubwa na upya wa G-funk, mtindo wenye besi nzito, mwendo wa taratibu na kinanda cha kielektroniki kinacholia kwa sauti nyembamba juu ya vyote, na upya haurekodiwi mara mbili. Pale Sting anapoingia katika Missionary na wimbo ambao bendi yake, The Police, iliutoa mwaka 1979, anayesikika zaidi ni mtayarishaji awezaye kumwita yeyote studio, si rapa mwenye jambo la kusema.

Kwa LL Cool J hali ni tofauti. Katika The FORCE, albamu yake ya kwanza baada ya miaka 11, Q-Tip wa A Tribe Called Quest amempa ngoma kavu zilizoachwa na ukwaruzo wake, zisizomkumbusha mtu Radio, albamu ya LL ya mwaka 1985, na ugeni huo unamlazimisha kutafuta upya mahali pa kuvuta pumzi na pa kuangusha kina.

Eminem naye, katika The Death of Slim Shady, ameugeuza ujana wake kuwa mpinzani: katika "Guilty Conscience 2" anabishana na Slim Shady, mhusika mtukutu aliyemtumia tangu miaka ya 1990, akizitamka pande zote mbili mwenyewe. Msomaji aliyezoea malumbano ya washairi wa Kiswahili hataiona mbinu hiyo kuwa ngeni, ingawa huku kwetu kwa kawaida mpinzani huwa mtu mwingine. Ubishi huo ni mkali kuliko sehemu kubwa ya albamu, ambayo matusi yake mengine yamechacha.

Common hana ugomvi na umri. The Auditorium, Vol. 1 imejengwa na Pete Rock kwa sampuli, yaani vipande vilivyokatwa kutoka rekodi za zamani na kurudiwarudiwa, na utulivu wake, ambao pengine unazidi kiasi, unaonyesha jinsi mtayarishaji mmoja anavyoweza kuishika sauti ya rapa kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa sababu hiyo mapitio yanayofuata yameanza kila mara na midundo, ndipo yakaingia kwenye mistari, na albamu za zamani zimetajwa pale tu ambapo msanii mwenyewe amezirejea.