Shamba la Matunda Halimlishi Mstaafu

Kuna ndoto inayoambukiza ofisi za Dar es Salaam kuliko macho mekundu. Mtumishi akikaribia miaka 60 anaanza kuzungumzia ekari tano za Muheza, Mkuranga au Njombe. Michungwa huku, miparachichi kule, kuku wa kienyeji wanachakura uani, na mzee mwenyewe amekaa barazani hadai wala hadaiwi. Kila kitu kinatoka shambani. Pensheni itakuwa ya vocha tu.

Mimi nasema huo ni uongo, tena uongo unaomeza mafao ya mkupuo ya watu walioyasotea miaka thelathini. Hakuna shamba linalomfanya mtu ategemee wenzake kama shamba la matunda. Anayetaka kujilisha mwenyewe apande muhogo.

Chukua michungwa. Ukiipanda kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja inabeba miti 80 hivi. Tuseme kila mti unatoa kilo 50, hesabu ya mtu asiyejisifu. Ekari tano ni tani 20. Mzee na mama watoto watakula ngapi, hata wajukuu wakija likizo? Tani 20 za machungwa ni mzigo wa sokoni. Mzigo unataka lori, na lori linataka njia iliyokauka baada ya masika. Halafu Muheza haina chungwa lako peke yako: katikati ya mwaka yanaiva ya kwako, ya jirani na ya wilaya nzima kwa mpigo. Hapo anaingia dalali. Wakulima wengi humuuzia matunda yangali mtini, mengine machanga, kwa kuwa ada ya shule haingoji chungwa likomae. Bei anaisema mwenye lori. Ukigoma, utafanya nini? Mahindi utayatia dawa na kuyafungia stoo mpaka Desemba. Chungwa litadondoka na kuozea chini ya mti, nawe unalitazama kutoka kwenye hiyo baraza yako.

Parachichi ndiyo kabisa. Aina ya Hass, inayotakiwa na wanunuzi wa nje, hailainiki ikiwa mtini. Inachumwa ngumu, ikishapimwa ukomavu, kwa ratiba ya kampuni. Mstaafu aliyekimbia mabosi mjini amekwenda Njombe kujitafutia bosi mpya ambaye hata ofisi yake haijui.

Na maembe? Mwaka 2003 aligunduliwa Afrika Mashariki nzi wa matunda mwenye asili ya Asia. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani. Embe linabaki zuri kwa nje, ukilipasua ni mafunza. Dawa yake ni mitego ya chambo, na kuokota na kufukia kila tunda lililoanguka. Lakini nzi hajui mpaka wa shamba. Wewe utege, jirani asitege, utakuwa unawalisha nzi wa jirani. Kwa hiyo hata embe lako linategemea kama mwenzako ameamka na nguvu leo.

Sijasema kitu kuhusu muda. Mche uliobebeshwa, ukitunzwa vizuri, huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, tena matunda ya kuonja. Aliyepanda siku ya kustaafu ana miaka 64 anapochuma tenga la kwanza. Muda wote huo unga, mafuta na dawa za presha vinanunuliwa kwa fedha taslimu, na kijana wa shamba anapiga simu: mzee, dawa imekwisha, mzee, tumbili wameingia, mzee, pampu imeibwa. Mzee anatuma. Jina la mkulima huyu watu wa Kenya walishalipata, mkulima wa simu.

Hata ardhi yenyewe si ya kulipia na kuondoka. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji, nayo haiwezi kuigawa bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Makaratasi uliyosainiana na mzee mmoja chini ya mwembe, mbele ya mashahidi wawili waliokunywa soda zako, hayakumaliza kitu. Tena Pwani ni kawaida ya zamani mti kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe. Umenunua ekari tano. Je, ile minazi sita ya shangazi yake huyo mzee ulinunua?

Najua atakayenijibu ni mtu wa Kilimanjaro. Mbona kihamba, lile shamba letu la nyumbani, kilitulea? Kiliwalea, sikatai, na namheshimu aliyekibuni. Lakini tazama kimejengwaje. Msingi wake ni mgomba, na ndizi ni chakula. Chini ya migomba kuna magimbi na kahawa, zizini kuna ng'ombe anayetoa samadi ya kurudisha kwenye migomba. Nyasi za ng'ombe huyo akina mama walizipandisha kichwani kutoka tambarare, ambako familia ilikuwa na shamba jingine la mahindi na maharage. Maji yalikuja kwa mifereji iliyochimbwa na koo, yenye zamu na siku za kuisafisha, na asiyetokea alitozwa faini. Ada ya shule ilitoka kwenye kahawa, iliyouzwa kupitia ushirika wa KNCU tangu 1933. Ukoo, mfereji, ushirika, vizazi kadhaa. Hicho ndicho kihamba, na hakuna dalali anayekiuza kwa awamu. Hata hivyo leo vihamba vimegawanywa mpaka vimekuwa vipande, na wengi wa waliobaki huko juu wanaongezewa fedha na watoto walioko mjini.

Serikali nayo iliwahi kuamini kwamba mtu wa mjini akipelekwa shamba atajilisha. Ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi mwaka 1983, wasio na kazi wakakamatwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwenda vijijini. Wengi walirudi. Wale angalau hawakutoa nauli.

Mwenye kiu ya kijiji akapange kwanza nyumba huko. Akae masika moja na msimu mmoja wa mavuno, ahudhurie mkutano wa kijiji, asimame barabarani asikie bei inavyotajwa. Akiipenda hiyo biashara, aifanye kama biashara, akijua anatafuta wanunuzi na majirani kabla ya miche. Mkupuo usubiri kwenye hati fungani za serikali, ambazo zinalipa riba mara mbili kwa mwaka na tumbili hawazili. Kwa juisi ya asubuhi, mchungwa mmoja nyuma ya nyumba ya Mbagala unatosha.